Mwaka Tulipowangojea Ndege wa Padri

Ninyi wenzangu mliokulia nyuma ya reli, mliooga kwenye beseni moja na wadogo zenu na kwenda misa na vumbi jekundu katikati ya vidole, mtanisaidia pale nitakapopotea. Lakini kwenye majina sitapotea. Shule niliiacha darasa la tatu, mama alipozaa mapacha na mikono ikawa haitoshi nyumbani. Naandika polepole, na herufi zangu zinapanda na kushuka kama njia ya Kambove. Majina, hapana, hayo ninayo yote. Niulize nani alikaa nyumba gani katika kambi yetu, nitakuambia mpaka na mbwa wake aliitwa nani.

Baridi ya mwezi wa sita, wakati wetu, ilikuwa baridi ya kweli. Asubuhi nyasi za bondeni zilikuwa nyeupe, na sisi tulitembea juu yake miguu mitupu tukienda kuchota maji, tukirukaruka kama tunakanyaga makaa. Tukirudi tulijipanga kwenye ukuta wa nyumba ya Mama Philomène, kwa sababu ukuta wake ndio uliopata jua la kwanza, na yeye alitufukuza kwa maji ya kuoshea sufuria. Tulikula bukari la jana, ndio ugali wetu, lililokaushwa kwenye majivu. Tulicheza mpira wa vitambaa, tukaruka kamba ya magome, tukaenda porini kuokota matunda ya masuku hadi midomo ikashikana kwa utamu. Mvua za kwanza zilipopiga, tulisimama chini ya taa ya stesheni tukidaka nswa, ndio kumbikumbi, kwa mikono yote miwili, tukiwala wengine wabichi, mabawa yakitubakia kwenye meno. Leo wajukuu wangu wakiona nswa mmoja chumbani wanapiga kelele na kupanda juu ya viti. Na hao ndio wanaume.

Mama yangu, Odilia Kabange, alikuwa na maneno yake ya kila siku. Ukilala baada ya jua kutoka, alisema jua limekukuta uchi. Ukila huku unatembea, alisema unamlisha shetani. Na kwa sisi wasichana lilikuwapo moja alilolisema kuliko yote: “Mutoto mwanamuke hapigake mluzi.” Mluzi ulikuwa wa wavulana na wa wezi. Sasa fikirieni wenyewe alivyojisikia siku aliyotukuta mimi na Bernadette Ngoie na Kapya, binti wa fundi cherehani, tumekaa chini ya miti nyuma ya misheni, midomo tumeichongoa, tunapiga mluzi wote watatu, na anayetufundisha ni padri.

Huyo alikuwa Padri Athanase. Alizaliwa Kilwa, pembeni ya ziwa Moero, mtoto wa mvuvi, na alisema ndege wa ziwani ndio walimlea wakati baba yake yuko kwenye maji. Alikuwa mrefu, kavu, na kanzu yake nyeupe ilikuwa na majani ya kunatanata kuanzia magotini kushuka chini, kwa sababu kila asubuhi kabla ya misa alikuwa ameshatembea porini na darubini yake shingoni. Watu wapya waliohamia kambini walipomwona hivyo, waliuliza kama ni padri au ni mwindaji. Kwetu ndege tunaita ndeke, basi yeye akawa Padri Ndeke. Wakubwa walisema hivyo nyuma yake, na sisi watoto tulisema mbele yake, naye aliitika.

Katekisimu yake haikufanana na ya mtu mwingine. Tulikariri amri za Mungu kwa sauti, tukifika kwenye “Usiibe” anainua kidole, sisi tunanyamaza tukidhani mwizi ameonekana kati yetu. Kumbe amesikia kitu mtini. Anatuuliza: huyo ni nani? Ukijua, unaendelea na amri zako. Usipojua, mnatoka wote kwenda kumtafuta, na amri zinangoja. Ndiyo maana mimi mpaka leo amri za mwisho nazichanganya, lakini sauti ya kila ndege wa miombo naijua. Mvulana aliyekuja kuungama kwamba amepiga ndege kwa manati hakupewa Salamu Maria. Alipewa mbegu ya mti wa mulombwa, aende akaipande na kuimwagilia mpaka iote, ndipo arudi aondolewe dhambi. Kasongo, kaka yake Bernadette, alikuwa na dhambi nyingi za aina hiyo, na ule mstari wa milombwa uliokuwa nyuma ya misheni karibu wote ulikuwa wake.

Sasa niwaambie habari ya kanisa.

Hatukuwa na kanisa. Tulisali kwenye hangari ya zamani iliyoachwa na reli, yenye mabati matupu juu. Mvua ikinyesha, padri alinyamaza katikati ya mahubiri, tukatazamana tu mpaka ipite. Kiangazi palikuwa kama ndani ya sufuria. Na mafuta ya mashine hayakutoka kwenye ile sakafu, hata wanawake wafanye nini. Nguo ya komunyo ya Kapya ilipata doa pale alipopiga magoti, akalia misa nzima.

Nyumbani kwetu alikaa bibi yangu, mama yake baba, Rosalie Mwadi. Sisi bibi tunamwita kambo. Kambo Rosalie alikuwa mdogo wa mwili, na kwa kusema hakuwa na mwenzake. Alikuja na mume wake kutoka kaskazini wakati reli inachukua watu wa kazi, akazunguka naye kambi kwa kambi, na kila walipofika, watu wa Mungu walikuwa wanasali kwenye hangari. Jioni moja tuko kwenye sahani, akamwambia baba yangu: “Mwepu, nilibatizwa mu hangari. Niliolewa mu hangari. Sitaki munitoshe mu hangari.” Alisema maneno hayo ya maziko yake kama mtu anayeomba chumvi. Baba aliacha kula. Akaapa mbele yetu wote kwamba jeneza la mama yake litatoka mlangoni mwa kanisa.

Na baba yangu, Donatien Mwepu, hakuapa hewani. Yeye ndiye aliyekuwa kapita wa matofali, msimamizi wa kazi. Alijifunza kuchoma matofali Kambove alipokuwa kijana, na parokia yote ilikuwa imemkabidhi kazi hiyo. Msingi wa mawe ulikuwa umeshawekwa. Kilichobaki ni matofali.

Mnajua kwetu tofali zuri halitoki kwenye udongo wowote. Linatoka kwenye kichuguu. Mchwa wamekwisha kuusaga udongo na kuutema kwa miaka mingi kuliko umri wa baba zetu, umekuwa laini kama unga wa bukari, unashikana bila kupasuka. Nyuma ya misheni palikuwa na kichuguu kikubwa kama nyumba ya ghorofa, na wanaume walianza kukikata kwa upande mmoja mara baada ya mvua kuisha. Wanawake walikanyaga udongo, sisi watoto tulileta maji na nyasi za kufunikia. Kila familia ilifyatua matofali yake na kuchora alama yake kabla hayajakauka. Yetu ilikuwa kidole gumba cha baba. Ya Baba Ilunga ilikuwa nyuki, ingawa watoto tulisema ni kuku.

Baba Félicien Ilunga alikuwa mkubwa wa wakristo pale, na alikuwa na mizinga ya nyuki mingi kuliko mtu yeyote upande wetu. Mkumbukeni, atarudi.

Tanuri la kwanza lilichomwa vizuri. Baba alilala karibu nalo akisikiliza moto, na matofali yalitoka mekundu, yakigonganishwa yanalia kama kengele. Lakini tanuri moja halitoshi kanisa. Wakaanza kukata udongo wa tanuri la pili, na ule ukuta wa kichuguu ukawa mrefu na umenyooka, kama umekatwa kwa kisu.

Ndipo ndege wakaja.

Walikuja joto lilipoanza kupanda, kundi zima. Mgongo kijani, koo jekundu kama pilipili, paji la uso jeupe, na mstari mweusi kwenye jicho kama mwanamke aliyejipaka wanja kwa haraka. Walitua kwenye ule ukuta wetu na kuanza kuchimba. Walichimba kwa midomo na kutupa udongo nyuma kwa miguu, na siku si nyingi ukuta ulikuwa na mashimo kama kichungio cha unga. Wanaume waliona, wakacheka, wakaendelea kukata pembeni. Padri Athanase alikuja na darubini, akasimama pale asubuhi nzima, hata misa ya kawaida ikachelewa. Jumapili, baada ya matangazo, akatuomba tusitoke. Akasema ndege wametaga ndani ya ukuta, na anaomba kichuguu kisiguswe mpaka makinda yaruke.

Hangari ikawa kama soko.

Baba Ilunga alisimama. “Ndeke gani, mon père?”

Padri akawaeleza: koo jekundu, paji jeupe, na kwamba chakula chao ni nyuki na nyigu.

“Ah, bale!” yaani wale anaowajua, na Baba Ilunga akawageukia watu. “Munasikia? Bale njo banakula nyuki yangu kila siku. Sasa banakula na kanisa yangu. Mon père, utuambie tu: unataka kanisa ao unataka ndeke?”

“Ninataka byote mbili, Baba Ilunga. Munipe tu wakati.”

Ndipo baba yangu aliposimama, yeye ambaye hakuwa mtu wa kusema kanisani. “Wakati njo kintu hatuna,” alisema. “Mvula haingojaka, mon père.”

Alikuwa na haki. Tanuri haliwashwi nusu. Ukilichoma halijajaa, joto linatoroka na matofali yanabaki mabichi ndani. Ile nusu iliyokwisha kufyatuliwa ilikuwa imelala chini ya nyasi, inangoja nusu yake, na mvua ikiikuta pale imekwisha. Watu waliuliza kwa nini wasikate kichuguu kwa nyuma. Nyuma kulikuwa na mchanga na mizizi, tofali lake linapasuka. Kichuguu kingine kilikuwa ng’ambo ya reli, kwenye ardhi ya kampuni, na mlinzi wa pale alitufukuza hata tukiokota masuku. Baba angeweza kuchukua jembe na kukata tu, watu wengi walimwambia hivyo. Lakini padri amekataza mbele ya altare, na baba hakuwa mtu wa kumkanyaga padri. Alibaki na kiapo mkono mmoja na katazo mkono mwingine.

Padri naye hakukaa bure, niseme haki yake. Alianza kubeba udongo wa mtoni kwa baiskeli yake, peke yake, ndani ya gunia, kanzu ameifunga kiunoni. Alifyatua matofali yake mwenyewe, yaliyopinda kama mikate ya kuungua, na yote yalipasuka yalipokauka. Watoto tulipata neno jipya. Kikombe kikivunjika, mguu wa kiti ukichomoka, tulisema, “tofali ya Padri.” Nasikia kuna familia bado wanasema hivyo, na watoto wao hawajui limetoka wapi.

Lakini wakubwa hawakucheka. Ilikuwa desturi wanawake kumpelekea padri chakula kwa zamu, nyumba kwa nyumba. Mama Philomène alikuwa wa kwanza kusahau zamu yake. Halafu aliyemfuata naye akasahau. Halafu wote wakasahau. Padri akawa anaonekana akipika mwenyewe, na sisi watoto tuliona moshi unatoka jikoni kwake mweusi mno, tukajua bukari lake nalo ni kama matofali yake.

Zamu ilipofika nyumbani kwetu, baba alisema kwa upole kwamba siku hiyo hatuna unga wa kutosha. Mama aliangalia mfuko wa unga, umejaa. Kambo Rosalie ndiye aliyeinuka. Alisonga bukari mwenyewe, akaweka sombe, ndio kisamvu, na samaki mkavu, akafunika na kitambaa, akanipa mimi sahani nibebe. Mkono mmoja aliuweka begani kwangu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa fimbo yake. Tulipofika misheni hatukuingia kwa padri. Alinipeleka moja kwa moja kwenye kichuguu, na padri alikuwa pale, amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa.

Alisimama upesi akampa kambo ile ndoo. Kambo akakaa, akavuta pumzi.

“Nimekuya kuona bale benye banakataa nizikwe muzuri,” alisema.

Padri hakujua aangalie wapi. Nadhani hakuna aliyekuwa amemwambia habari ya kiapo cha baba. Kambo alimweleza, kwa maneno yale yale aliyoyasema kwenye sahani, na padri akachuchumaa chini, mikono kichwani. Nilidhani atasema basi, mwambie Mwepu aje akate. Naamini alikuwa karibu kusema hivyo. Lakini kambo alikuwa ameshaanza kuangalia ukuta, na ndege wanaingia na kutoka, wanaingia na kutoka, kila mmoja na kitu mdomoni.

“Ule mwenye anaingia pale njo mama?”

“Hapana, Kambo. Mama ni ule wa koo lenye manyoya machache, iko pale juu ya muti. Huyu ni wa jamaa tu. Shangazi, ao nani. Hana kitoto mwaka huu, njo sababu analisha ya wengine. Iko na bazee pia kati yao. Mama mukubwa anaachaka shimo yake, anaenda kusaidia ya mutoto wake.”

Ndege mmoja alitua karibu nasi na nyuki mdomoni, akaanza kumpigapiga kwenye tawi, akimsugua. Kambo akauliza anafanya nini. Padri akamwambia anatoa mwiba kwanza, ili watoto wasichomwe.

“Bakambo,” alisema Rosalie. “Hawa nao iko na bakambo.” Halafu akaanza kucheka, kicheko chake kile cha kutikisa mabega. “Na nyuki ni ya Ilunga.”

Padri naye akacheka, machozi yakamtoka. Sijui yalikuwa ya kicheko tu. Alikula bukari letu pale pale amesimama, kama mtu aliyetoka safari ndefu, na kambo akamwangalia akila, akaniambia nikalete maji.

Jioni alimngoja baba mlangoni. “Mwepu,” alisema, “uliniapia. Leo minakufungua. Acha batoto batoke.”

Baba alikwenda kuweka jembe lake nyuma ya nyumba, akakaa huko mpaka giza. Sisi watoto tulifurahi, kwa sababu tuliwapenda ndege. Leo mimi ni mama na kambo, ninajua baba alinyang’anywa nini jioni ile. Mtu amefunguliwa kiapo ambacho hakutaka kufunguliwa.

Wanawake walipoona kwamba Rosalie amepeleka chakula, zamu zikarudi, kila mtu akisema alikuwa mgonjwa. Makinda yaliruka mwezi wa kumi ukienda kuisha. Tuliwaona wamejipanga kwenye waya wa reli, mikia mifupi, wanadai kulishwa ilhali wanaweza kuruka. Asubuhi yake wanaume walikuwa na majembe kichuguuni. Walikata siku moja na nusu. Mchana wa siku ya pili mbingu zilifunga upande wa Likasi, upepo ukachukua nyasi tulizofunikia, na mvua ikapiga. Tulikimbia na maturubai, na mikeka, na mama alitoa mpaka shuka la kitanda. Ilipokwisha, matofali mabichi ya familia zote yalikuwa yamerudi kuwa udongo. Vidole gumba vya baba vyote vilikuwa vimefutika. Alisimama pale amelowa, akaangalia, akaenda nyumbani. Tangu siku hiyo padri akiingia kwetu kwa mlango wa mbele, baba alitoka kwa mlango wa nyuma.

Baada ya Noeli kambo aliacha kula. Alisema chakula kinamchosha. Padri alikuja kila siku kukaa naye, na baba kila siku alitoka. Mpaka asubuhi moja, mvua imelala, baba alivaa viatu vyake vya kazi, akaenda yeye misheni. Nilimfuata nyuma. Alimkuta padri anafagia maji hangarini. Hakumsalimu.

“Mon père, matofali ya tanuri ya kwanza iko,” alisema. “Nimehesabu. Ukuta inaweza kufika huku.” Akagusa goti lake.

Padri aliegemeza ufagio. “Basi tujenge mupaka huko,” alisema.

Walijenga asubuhi, kabla ya mvua za mchana. Padri alipiga udongo kwa miguu, kanzu kiunoni, na baba hakumruhusu kugusa tofali hata moja. Watu waliopita kwenda kazini walisimama, wakauliza, wakaambiwa, na kesho yake walirudi na mikono mitupu wakiomba kazi. Baba Ilunga alikuja na wanawe wote. Ukuta ulizunguka msingi wote na kufika magotini, na mbele baba aliacha nafasi ya mlango, ameipima vizuri, na kuweka miimo miwili ya mbao.

Walimbeba kambo kwenye kiti aje aone. Aliangalia ukuta kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

“Iko na mulango?”

Baba akamwonyesha.

“Basi munipitishe mu mulango. Musinirushe juu ya ukuta kama mbuzi.”

Alifariki wiki ile ile, mchana, mama anamsuka nywele. Misa yake ilisomwa ndani ya kanisa lililofika magotini, bila paa, bila benchi, mawingu juu yetu. Na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize, ninyi mliokuwapo. Mnakumbuka hakuna aliyevuka ukuta? Mtoto wa miaka mitatu angeweza kuuruka. Lakini watu wote walijipanga kwenye ule mlango usio na ukuta juu yake, mmoja mmoja, wazee wakivua kofia pale penye miimo, na wengine waliinama kidogo kana kwamba kizingiti kipo juu. Baba Ilunga alileta mishumaa ya nta ya mizinga yake, mikubwa, ya njano. Alipompa padri alimwambia, “Hii njo ndeke yako iliniachia.” Padri alimshika mkono.

Mvua ilikuja tukiwa kwenye Baba Yetu. Ilizima mishumaa. Hangari ilikuwa pale karibu, mlango wazi. Hakuna aliyekwenda. Tulimaliza sala tumelowa, jeneza likainuliwa, likatoka kwa mlango, baba yangu mbele upande wa kulia na padri mbele upande wa kushoto.

Mwaka uliofuata kanisa lilimalizika. Baba na padri hawakuwa marafiki wa kukaa pamoja na kunywa, nisiwadanganye. Lakini mpaka uzee wake baba hakuanza kukata kichuguu chochote kabla ya kukizunguka chote, polepole, akichungulia kila shimo. Ukimwuliza alisema anatafuta nyoka. Padri Athanase alikaa nasi mpaka miguu ikamkataa baiskeli, ndipo wakubwa wake walipomrudisha Kilwa akapumzike, na huko ndiko alikozikwa, mbele ya maji yake.

Leo ninakaa pale pale, lakini pamekuwa mji. Malori ya mpakani Kasumbalesa yanapita usiku na mchana, vikombe vinatetemeka kabatini. Miti ya miombo imeingia kwenye magunia ya makala, yaani mkaa, na mimi pia nimepikia makala hayo, siwezi kumnyooshea mtu kidole. Mjukuu wangu Trésor alinionyesha kwenye simu yule ndege wa koo jekundu. Anajua jina lake kwa Kifaransa, anajua na uzito wake. Nikampigia mluzi wake, akashtuka, akaniuliza ile ni sauti ya simu ya nani.

Kichuguu cha mwisho mtaani kwetu kilikuwa kwenye kiwanja cha kona. Mwezi uliopita mashine ilikuja kukisawazisha, watu wanajenga nyumba ya ghorofa. Nilikuwa nimeona ndege wanaingia mashimo ya upande wa juu. Sio wale wa zamani, wadogo tu, wa rangi ya vumbi. Nikavuka barabara na fimbo yangu, nikamsimamisha dereva, kijana mwenye adabu, akazima injini kabisa ili anisikie. Nikamwambia kuna ndege ndani, wana makinda, kama anaweza kungoja.

“Kambo,” aliniambia, “rudi tu ku nyumba, hapa kuko vumbi mingi.” Akashuka, akanishika mkono, akanivusha barabara mpaka kwenye geti langu. Halafu akarudi, akawasha.

Siwezi kumlaumu. Ametumwa, na alinishika mkono vizuri kuliko wajukuu zangu wengine. Lakini nilikaa barazani mchana ule nikawaza wazee wetu. Walikuwa wakali. Walimtukana padri ndani ya hangari, wakamnyima bukari, wakapoteza matofali yao. Lakini kabla ya yote hayo mmoja wao alisimama akauliza: ndeke gani? Na walipoambiwa, walijua.

Kijana wa mashine hakuuliza.